Bendera Iliyofukuza Maboti

Mmeniuliza mmoja mmoja, sokoni, msibani, hata nikiwa na pini mdomoni nampima mteja kiuno, mpaka nimechoka kuanza upya. Basi naandika mara moja, kila mtu asome kwa nafasi yake. Habari za vibali, barua na mihuri naziruka, maana zilichukua muda mrefu kuliko safari yenyewe na hazina utamu wowote. Ila mwanzo huu msiuruke. Bila huo hamtaelewa kwa nini wanawake wawili wenye akili timamu walipiga kasia kutoka Mgambo mpaka Ujiji.

Kwa asiyenijua, mimi ni Mwajabu, fundi cherehani wa Ujiji. Wifi yangu Zawadi, dada wa mume wangu, ndiye aliyenifundisha kupiga kasia. Sisi na wenzetu wachache wa Bangwe tuna kayaki tatu, vile vimtumbwi vyembamba vya plastiki ambavyo mtu hukaa peke yake, miguu mbele, mkononi kasia moja lenye bapa huku na huku. Tuliachiwa na nyumba moja ya wageni ya ufukweni ilipofungwa. Ni nyepesi, ni tamu kuziendesha, na zina kosa moja tu, kwamba rangi yake ni ya maji yenyewe. Tulijaribu kuzipaka rangi nyingine ikabanduka kama ganda la kitunguu.

Mwaka jana Zawadi alipinduka mbele ya Bangwe na upepo ukamsukuma nje. Huku kwetu mwokoaji si mtu mwenye sare. Ni yeyote mwenye injini aliye karibu. Siku ile alitoka Nahodha Mrisho, ambaye boti lake hupeleka abiria na mizigo vijiji vya kusini. Alimpita Zawadi mara mbili. Zawadi aliiona kofia yake, akaiona hata chupa yake ya chai, akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka, na boti likapita. Mara ya tatu nusura wampande ndipo wakamwona. Tangu hapo wifi yangu hakugusa maji zaidi ya yale ya ndoo.

Nahodha Mrisho naye alitetemeka kuliko hata yeye. Alisimama mwaloni, pale maboti yanaposhusha, akasema mbele ya watu wote: "Kayaki zisivuke tena miamba ya Bangwe. Mimi siwezi kumtafuta mtu asiyeonekana. Nikimgonga je? Nitamwambia nini mama yake?" Viongozi wa mwalo wakakubaliana naye. Kayaki zetu zikageuzwa kifudifudi, kuku wakaanza kutagia chini yake.

Mimi nikiambiwa haiwezekani, mwili unaniwasha. Nilimfuata nahodha nikamuuliza, na tukionekana je? Akasema atanipa nafasi moja. Atatushusha Mgambo, kusini kabisa, nasi turudi Ujiji kwa makasia. Jumamosi ya wiki inayofuata atakuwa anarudi na abiria kwenye njia yake ileile. Akituona kwa macho yake, bila kuambiwa na mtu tuko wapi, atasimama palepale mwaloni aseme alikosea. Asipotuona, kuku waendelee kutaga.

Zawadi aliniuliza swali moja tu. "Wifi, nikija, nitaonekana?"

Nikamwapia kwamba ataonekana. Niliapa kabla sijajua nitafanyaje, ndiyo tabia yangu hiyo mnaijua. Nikakaa kwenye cherehani nikashona bendera mbili za rangi ya machungwa, kitambaa kilekile cha vizibao vya bodaboda, nikazifunga kwenye fito ndefu za kusimamishwa nyuma ya kayaki. Zilikuwa kali, zinaumiza macho. Nilizikunja nikazificha chini ya mfuko ili Nahodha Mrisho asizione kabla ya siku yake. Nilitaka zimshtue. Kosa lote la safari hii lilianzia hapo, maana angeziona tu, neno lake moja lingetosha.

Ujiji hadi Mgambo: tukimsubiri mbuzi

Boti lilikuwa liondoke asubuhi. Injini imeshawaka, watu wameshakaa, ndipo mbuzi mmoja wa posa akaruka ubavuni, akaogelea mpaka ufukweni, akakimbilia mitaani Ujiji. Mwenye mbuzi alikuwa mzee anayekwenda kumposea mwanawe Buhingu, na akaapa boti haliondoki bila mbuzi huyo. Nusu ya abiria walishuka kumsaka. Waliobaki walikula vitumbua vyao vyote vya njiani na kuanza kuzichunguza kayaki zetu.

"Haya ni majeneza ya Wazungu?" aliuliza bibi mmoja.

"Siyo, bibi, ni matangi ya kuvunia maji ya mvua," akajibu kijana aliyekuwa na uhakika wote duniani.

Kufikia saa sita, mama mmoja alikuwa amewalaza pacha wake ndani ya kayaki ya Zawadi, na kayaki yangu imejaa mananasi. Mbuzi alirudishwa amefungwa kwa kilemba cha bwana mmoja. Tukaondoka jua likiwa utosini, na bado kila kijiji tulichosimama kulikuwa na mtu wa kusubiriwa. Zawadi alikaa katikati ya boti, ameshika kamba, hakuyatazama maji hata mara moja.

Mgambo tulishushwa kesho yake. Nahodha Mrisho alitushikia kayaki mwenyewe mpaka zikatulia majini. "Mkiona upepo umebadilika, ufukweni," alisema. "Wifi yako umwangalie." Nikamjibu kwamba ajiangalie yeye na macho yake. Mnanijua.

Mgambo hadi Herembe: watu wenye adabu kupita kiasi

Asubuhi ile milima ya Mahale ilikuwa nyuma yetu, maji yametulia, na ukitazama chini unaona samaki wakipita juu ya mawe. Zawadi alikaa kwenye kayaki karibu na ufukwe, ameshika kasia bila kulipiga, kwa muda ambao mtu angepika maharage yakaiva. Sikumharakisha. Nilikaa kando yake nikamsimulia umbea wote wa Ujiji, na nilipofika kwa yule shangazi yenu mnayemjua, akacheka, akapiga kasia la kwanza. Bendera zilikuwa zinapepea. Niliona fahari mpaka nikaimba.

Maboti yalipita mengi, na yote yalitupita mbali. Lingine lilikuwa linakuja moja kwa moja kwetu, likafika mahali likakata kona kubwa kama limekuta ukuta. Lingine lilizima injini kabisa, mtu wa nyuma akaiinua juu ya maji, wakateleza kimya, kisha wakaiwasha mbele huko. Nikamwambia Zawadi, tazama watu wa kusini walivyo na adabu, hawataki kutumwagia mawimbi.

"Adabu gani hiyo, wifi?" akasema. "Hawa wanatukimbia."

Herembe tulipata tulichodhani ni jibu. Tulipokaribia, ufukwe wote ulikimbia. Wanaume walibeba nyavu mabegani wakatokomea migombani, na akabaki mwenyekiti wa kitongoji peke yake, amesimama na kiti mkononi. "Shikamooni wakubwa," alitusalimu, ingawa ananizidi umri, "karibuni, hapa kwetu nyavu zote ni za halali." Kumbe kwa majaketi yetu ya kuelea na bendera walidhani sisi ni watu wa doria! Tulipomwonyesha cherehani yangu ya mkono na mkebe wa sindano, alicheka mpaka akakalia kile kiti mwenyewe. Wanaume walirudi mmoja mmoja. Tulipikiwa ugali wa muhogo na migebuka iliyoungwa kwa mawese, mchuzi mwekundu unaochuruzika mpaka kwenye kiwiko, na mimi nilirudia mara tatu bila aibu.

Basi nikajiambia, maboti yanatukimbia kwa sababu hiyo, wanadhani doria. Nililala nimeridhika.

Herembe hadi Sigunga: Papa Asende aheshimu mali ya mtu

Siku iliyofuata nilitaka kumwonyesha Zawadi kwamba kiapo changu ni cha kweli. Tulipoona boti la uvuvi linakuja, la kijani, lenye jicho la njano limechorwa mbele, nilijitumbukiza majini makusudi, nimevaa jaketi la kuelea, nikashika kayaki yangu na bendera imesimama juu yangu. Zawadi alikaa pembeni karibu na mwamba kutazama. Nikapunga mkono. Nikapiga filimbi. Boti lilikuja, likaja, nikamwona mtu wa mbele akinyoosha kidole kwangu kabisa, akimwonyesha mwenzake. Nikasema hapo sasa!

Likakata kona. Likazunguka mbali, kwa utaratibu, likaenda zake.

Nilipopanda tena kwenye kayaki nilikuwa nataka kutukana, ila macho yangu yakaenda kwa Zawadi. Alikuwa amekumbatia kasia, machozi yanamtiririka. "Ni vilevile," alisema. "Vilevile kabisa, wifi. Wanakutazama na hawakuoni. Uliniapia." Tulipiga kasia mpaka Sigunga bila neno, na mimi ambaye siwezi kunyamaza hata kwenye swala nilinyamaza njia nzima. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Sigunga, kitu cha kwanza tulichokiona ni lile boti la kijani limevutwa mchangani. Kando yake mzee mfupi mwenye kofia ya sufu alikuwa analalamika kwa sauti mbele ya wenzake. Ndiye Papa Asende, ambaye wazazi wake walivuka kutoka Kongo, naye amevua maji haya toka akiwa mdogo.

"Watu hawana akili tena," alikuwa anasema. "Mtu anatega wavu katikati ya njia ya boti! Mi nimezunguka leo mpaka mafuta karibu iishe."

Nilimwendea mikono kiunoni. "Shikamoo, Papa. Wavu huo ulikuwaje?"

"Marahaba, mama. Ulikuwa na bendera. Rangi ya machungwa, nzuri, mpya. Boya yake ilikuwa ndefu, sijapata kuona boya ya vile."

"Boya hiyo ni mimi!"

Akanitazama, akazitazama kayaki, akazitazama bendera.

"Nilikuwa napunga mkono, Papa! Nilikuwa napiga filimbi!"

"Kwa injini mi nitasikia filimbi wapi? Niliona kitu inacheza pale, nikasema ni ndege, mnandi, anakula samaki ya watu." Akavua kofia. "Mama, ukiona bendera kwa maji, chini kuna wavu. Unazunguka. Ukipita juu, injini inakata kazi ya mwenzako, na wewe mwenyewe unabaki pale na nyuzi kwa panga ya injini. Baba yangu alinifundisha hiyo mbele ya kunifundisha kuogelea. Mi niliheshimu mali yako."

Hapo ndipo nilipokaa chini mchangani. Siku mbili nzima nilikuwa nimebeba alama ambayo kila mvuvi wa ziwa hili, toka utotoni, amefundishwa kuikimbia. Nimezaliwa Ujiji, nimeziona bendera hizo juu ya maboya maisha yangu yote, na haikunijia, kwa sababu mimi ni mtu wa cherehani na nilifikiri rangi tu. Wa kwanza kucheka alikuwa Zawadi. Alicheka huku bado analia, akamshika Papa Asende bega, na mzee wa watu akawa anasema pole, pole sana, mi sikujua.

"Kitu ikisimama, ni wavu," alituambia tulipoagana. "Mtu hasimami vile."

Sigunga: kunguru na Bibi Anjelina

Upepo wa kusini ulitufunga Sigunga siku mbili. Bendera nilizishusha nikazifanya mto. Tulipangiwa kulala kwa Bibi Anjelina, mjane wa familia iliyotoka Burundi zamani, mwenye uwanja mkubwa wa kuanikia dagaa na ulimi mkali kuliko kisu chake. Kitu cha kwanza alichonifanyia ni kuninyang'anya ufagio. "Oya, oya! Dagaa hawafagiwi kama takataka. Wanageuzwa." Nikafundishwa kugeuza dagaa kwa kiganja, na mgongo nikauona.

Sasa sikilizeni. Wakati naugulia mgongo, Zawadi alikuwa amesimama ukingoni anautazama uwanja, amekunja uso.

"Wifi," akasema, "jana tulipokuwa mbali, kabla hatujaona nyumba hata moja, si uliona kitu kinamemeta huku?"

Niliona. Nilidhani ni bati jipya. Tukainua macho. Juu ya chanja za Bibi Anjelina kulikuwa na kamba, na kwenye kamba zinaning'inia CD, kuukuu, zimetobolewa katikati, zinazunguka kwa upepo. Kila ikigeuka inapiga mwanga, inazima, inapiga tena.

"Za mwanangu," Bibi Anjelina alisema bila kuacha kazi. "Alikuwa na banda la kuonyesha sinema, likafa. Nikasema basi zinilindie dagaa. Kunguru anaogopa kitu kinachocheza. Nilisimamisha sanamu ya mtu, akaizoea siku moja tu, akakaa kichwani pake."

Zawadi alinitazama nami nikamtazama. Kisichocheza kinazoeleka, au kinakimbiwa. Kinachocheza kinatazamwa. Na kwenye kayaki kuna kitu kimoja tu kinachocheza muda wote, huku na huku, juu na chini, ambacho hakuna wavu wala boya wala mnandi anacho.

"Kasia," tukasema kwa pamoja.

Kumwomba Bibi Anjelina CD kumi haikuwa kazi ndogo. Aliuliza kunguru watakuja kumla nani, yeye au mimi. Tulikubaliana nimshonee turubai lake lililochanika, na lilikuwa limechanika kweli, nilitumia alasiri nzima. Kisha nikafanya ninachokijua. Gundi haishiki kwenye plastiki ya mabapa yale, kwa hiyo nilitoboa vijitundu kwa msumari wa moto, nikazikata CD kwa mkasi wa bati, nikazishona kwa uzi wa nyavu, upande mmoja wa kila bapa. Upande wa pili nikashona kitambaa cha bendera zangu, kikavutwa kikabana kama ngoma. Ukipiga kasia, unapata mng'ao, machungwa, mng'ao, machungwa. Pasipo jua rangi inabaki inapepesa. Nilimaliza vidole vyangu vimejaa matundu.

Bibi Anjelina alikuja kutazama. "Ego," alisema, yaani ndiyo kwa lugha ya kwao. "Kunguru hatakukaribia."

Sigunga hadi Sunuka: samaki wa bure

Asubuhi tuliyoondoka, Zawadi aliingia majini kabla yangu. Hatukufika mbali. Boti la kijani lenye jicho la njano lilikuwa linarudi kutoka kuvua, mbali sana, dogo kama kokwa. Tukaendelea kupiga kasia kama kawaida, hatukupunga, hatukupiga filimbi. Likageuza pua likaja moja kwa moja mpaka kando yetu.

"Mi nilisema nini ile inawaka!" Papa Asende alipiga kelele. "Inakonyeza kama mwanamke! Nikasema lazima niende kuona."

Alitutupia migebuka mitatu mibichi kwenye mapaja, akataka kujua kama tunaweza kumshonea na yeye. Siku hiyo yalikuja maboti manne. Moja lilikuwa na kwaya nzima, wakatuimbia beti mbili. Lingine lilitaka kujua tunauza nini. Nilijisikia kama bibi harusi, na Zawadi, ambaye wiki iliyopita hakutaka hata kuyatazama maji, alikuwa mbele yangu anaimba.

Sunuka tulikula ile migebuka kwa mboga ya lengalenga na tukasubiri Jumamosi.

Mdomo wa Malagarasi hadi Ujiji: Jumamosi

Mnataka kusikia hapa, najua, wengine mmeruka mpaka hapa. Rudini mkasome juu.

Mto Malagarasi ukiingia ziwani unaleta maji ya kahawia, na mpaka wake na maji ya bluu unauona kama pindo la nguo. Upepo ulikuwa unatusukuma kwa nyuma, mawimbi yanatubeba, na pale kwenye pindo mawimbi ya ziwa yanakutana na nguvu ya mto, yanasimama, yanakatika ovyo. Zawadi alipita kwa ustadi wake wote. Mimi nilikuwa nageuka kila dakika kutazama kama boti la Nahodha Mrisho linakuja. Nilitaka kuliona likituona. Niligeuka mara moja zaidi ya ilivyotakiwa, wimbi likanichukua ubavuni, nikawa chini ya maji.

Nilipoibuka, kayaki yangu ilikuwa imeshakwenda, na kasia nalo. Upepo ule ule uliotusukuma ulikuwa unaipeleka. Niliogelea kuifuata nikashindwa. Simu zilikuwa ndani ya kayaki ile, na hata hivyo mahali pale hapana mtandao. Maji ya mto ni ya baridi, na kila aliyekulia huku anajua mdomo wa mto una wakazi wake wenye meno. Niliogopa, jamani. Niliogopa sana.

Zawadi alirudi. Aligeuza kayaki yake kwenye mawimbi yale akaja mpaka nilipo, akaniambia nishike nyuma na nisijaribu kupanda, tutapinduka wote. Alijaribu kunivuta kwenda ufukweni na mto ukaturudisha. Akajaribu tena. Kisha akatulia.

"Boti," alisema.

Mimi niliyekuwa majini sikuona kitu, ila nilisikia injini, mbali, upande wa nje kwenye njia yake. Zawadi alisimamisha kasia wima juu ya kichwa chake kwa mikono miwili, akaanza kulizungusha, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kama mtu anayefungua na kufunga kitasa. Mng'ao, machungwa, mng'ao, machungwa.

"Linapita," alisema. "Wifi, linapita."

"Endelea."

"Linapita!"

"Zawadi, endelea!"

Sauti ya injini ilibadilika. Iliteremka, ikanguruma upya, na sikuhitaji kuambiwa. "Limegeuka," Zawadi alisema kwa sauti ndogo, kisha akapiga ukelele ambao sijausikia tena kwa binadamu: "Limegeuka! Limegeuka!"

Nahodha Mrisho alikuwa amesimama mbele kabisa, amemwachia msaidizi wake usukani. Alikuwa bado mbali tulipoanza kumsikia. "Nakuona!" alikuwa anapiga kelele. "Zawadi, nakuona! Nakuona, mwanangu!" Aliendelea kusema hivyo mpaka ubavuni kwetu, wakati hata asiyeona angetuona. Nilivutwa juu kama gunia la mihogo na abiria watano, mmoja wao yule mzee wa mbuzi, ambaye sasa alikuwa mkwe kamili. Kayaki yangu waliipata baadaye, na waliiona pale tu ilipogonga boti.

Zawadi alikuwa bado amenyanyua kasia.

"Shusha sasa, mwanangu," nahodha alimwambia.

"Sishushi," alisema. Na hakushusha mpaka kayaki yake ilipofungwa kamba.

Alikataa kupandishwa. Alisema safari yake ni ya kufika Ujiji kwa makasia, na kama mimi nimechoka nipumzike. Basi tulipita ule mdomo wa mto tukiwa tumemfunga kamba, kisha kamba ikafunguliwa, na boti zima, pamoja na abiria waliokuwa na haraka zao, likaenda polepole nyuma yake mpaka Ujiji. Hakuna aliyelalamika. Mimi nilikaa na blanketi la mtu, nakunywa chai ya ile chupa ya Nahodha Mrisho, kwenye boti la yule niliyemwambia aangalie macho yake. Kunyamaza nilinyamaza, kwa mara ya pili safari hiyo.

Mwaloni watu walikuwa wengi. Nahodha hakusubiri mizigo ishuke. Alipanda juu ya magunia akasema: "Mwaka jana nilisimama hapa nikasema hawa hawaonekani. Leo nilikuwa nje kabisa, na nilimwona. Nilikosea, na sijawahi kufurahi kukosea kama leo." Akamwomba Zawadi kasia lake, akaligeuza juani ili kila mtu aone. Viongozi wa mwalo wakasema kayaki ziende, ila kila moja iwe na kasia la namna hiyo, na bendera iwe ni marufuku.

Sasa nimeshona makasia ya wote wa Bangwe. Nahodha Mrisho ana lake, amelifunga mbele ya boti, anasema ni la dharura. Papa Asende ameagiza mawili. Bibi Anjelina naye ameleta salamu kwa boti: kunguru wamerudi, nimpelekee CD nyingine haraka, kwa hiyo mwenye nazo nyumbani azilete kwangu.

Juzi asubuhi Zawadi alisema anakwenda Bangwe kwa kayaki, peke yake. Nilisimama mwaloni Ujiji na futi ya kupimia shingoni, nikamtazama. Kayaki ilipotea machoni mapema, kisha naye akapotea, mwili na kofia. Ila kasia lilibaki, linawaka na kuzima, linawaka na kuzima, na nilimwona mpaka Bangwe.